Kukodi au kununua ndege za simuleta: nimefungua daftari langu nikashtuka

Tai wa Sebuleni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jana usiku nilikaa kwenye kompyuta nikiwa na nia ya kuruka kwenye simuleta, ile programu ya kuigiza urubani, nikaishia kufanya hesabu. Nilifungua orodha ya ndege za nyongeza, zile za kidijitali zinazouzwa kando ya simuleta, nilizonunua tangu nianze mambo haya. Kumi na nne! Nikafungua na daftari la safari ambalo simuleta hujiandikia yenyewe. Ndege tatu tu ndizo zimebeba karibu saa zangu zote. Ipo moja ya pangaboi mbili, niliililia wiki nzima kabla ya kuinunua, nimeirusha dakika arobaini. Na katika hizo arobaini, nusu nilikuwa nimeegesha nasoma mwongozo huku betri imewashwa. Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, nadhani walikuwa wananitazama mimi.

Sasa kuna haya mambo ya kukodi yamenifikia. Duka moja ninalonunuaga vitu limeanza kukodisha ndege kwa siku au kwa mwezi, badala ya kuuza moja kwa moja. Nikakodi ndege moja ya safari ndefu, ile mibaba ya njia mbili za kupita ndani, kwa siku saba. Nikaona nitaimaliza kiu bila kuongeza ya kumi na tano kwenye hanga.

Ikawa hivi. Siku ya kwanza imeishia kwenye kupakua na kusakinisha. Siku ya pili nimekaa na mwongozo, nikapanga vitufe vya joistiki upya kwa sababu throtoli zake, vishikio vya nguvu ya injini, zinasoma tofauti na nilizozoea. Siku ya tatu nikapaa, nikasahau kuwasha pampu mbili za mafuta. Siku ya nne sikuwepo, kazi. Ya tano na ya sita nikafanya safari moja moja. Siku ya saba ndipo mkono ukaanza kufika kwenye swichi bila jicho kuutangulia, na usiku wa siku hiyo hiyo leseni ikafungwa.

Kwa hiyo nauliza kwa nia njema kabisa: nyie mnakodi au mnanunua? Na mnaamuaje?

---

RubaniKivuli

Nguo ya kuazima haisitiri matako, mkuu.

Mimi nina Boeing 737 moja. Moja tu. Nimeiruka miaka, nimepanga kamera zangu, kiti kimekaa pale ninapotaka, kila kitufe nakijua. Nikizima simuleta leo nikawasha wiki ijayo, ndege naikuta kama nilivyoiacha. Hiyo raha ya kurudi kwenye kiti chako mwenyewe huwezi kuikodi. Halafu kuna miezi sigusi kabisa, nina safari au nina mitihani ya watoto. Kwenye kukodi kwa mwezi, miezi hiyo yote unalipia ndege iliyoegeshwa.

---

BawaMoja

RubaniKivuli, wewe umeoa. Wengine bado tunatembea 😂

Mimi napenda kuonja. Mwezi huu turbopropu, mwezi ujao helikopta, mwezi unaofuata ndege ya mizigo ya zamani yenye saa za mshale. Nikiambiwa ninunue kila ninachotaka kukionja nitauza viti vya sebule. Kwa mtu kama mimi kukodi ni mkombozi, na wala sioni aibu.

Na hili neno "nimenunua" tulitazame vizuri. Fungua ile karatasi ndefu ya leseni ambayo wote tunabofya "nakubali" bila kusoma. Umeuziwa ruhusa ya kutumia, hujauziwa ndege. Kule California wametunga sheria kabisa, imeanza kufanya kazi Januari 1, 2025: anayeuza bidhaa za kidijitali haruhusiwi kuandika "nunua" akanyamaza, lazima amweleze mteja wazi kwamba anapata leseni. Wameona watu wanadanganywa na neno.

---

Injini Tatu

Vijana, ngojeni mzee aongee kidogo.

Nilianza na simuleta ya Microsoft, Flight Simulator X (FSX), ilitoka 2006. Nikajaza ndege za nyongeza mpaka kompyuta ikawa inalia. Na ilikuwa inalia kweli: programu ile ilikuwa ya biti 32, haiwezi kushika zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu. Unaruka saa sita, unakaribia kutua kwenye uwanja mkubwa wenye majengo mengi, mara mlio wa "ding", ding, ding, kumbukumbu imeisha, simuleta imejifunga, skrini ya mezani hiyo hapo. Aliyepitia haya anajua.

2017 simuleta nyingine, Prepar3D toleo la 4, ikaja na biti 64. Tukashangilia. Kisha tukagundua kwamba saa na mitambo ya ndani ya ndege zetu za zamani, zile zilizoandikwa kwa biti 32, haziwezi kuingia humo. Watengenezaji wengine walitupa toleo jipya bure, wengine wakatuomba nauli ya kuvukia, wengine hawakurudi kabisa. Nilihesabu ndege zangu, zaidi ya nusu zikabaki ng'ambo ya mto.

2020 Microsoft Flight Simulator mpya (MSFS) ikatoka, safari nyingine tena. 2024 ikaja nyingine, Novemba. Hapo nitasema haki, nyingi za 2020 zilivuka, ila baadhi zilichechemea mpaka zilipofanyiwa marekebisho.

Kwa hiyo mimi nikinunua ndege huwa najiambia ukweli: nimekodi kwa muda usiojulikana. Kati ya FSX na MSFS 2020 ni miaka 14. Kati ya 2020 na 2024 ni minne. Bei ya kununua igawe kwa miaka unayodhani simuleta yako itaishi, sio kwa miaka utakayoishi wewe.

Na wale waliokuwepo 2012 wanaikumbuka simuleta ya Microsoft Flight. Ilitoka Februari, ya bure, ndege unanunua moja moja, na baadhi ziliuzwa hazina hata chumba cha rubani ndani! Julai mwaka huo huo wakatangaza kusimamisha kazi ya kuiendeleza. Miezi mitano.

---

RubaniKivuli

Mzee Injini, shikamoo. Ila umenisaidia mimi bila kujua.

Kompyuta yako ya FSX bado unayo? Mimi ya kwangu ipo chini ya meza. Ndege niliyoiweka humo inawaka mpaka leo, haimuulizi mtu yeyote ruhusa. Hiyo ndiyo tofauti. Ya kununua inazeeka, ya kukodi inakatwa. Kitu kilichozeeka bado unacho.

---

Injini Tatu

Marahaba. Hapo umenipiga, nakubali. Ila ya kwako ni ya zama za diski. Ndege nyingi za siku hizi, hata ya kununua, lazima ipige simu kwa seva ya mwenyewe ikiwashwa mara ya kwanza, na ukibadilisha kompyuta inapiga tena. Siku duka likifunga milango, umiliki wako utaishia kwenye ile diski ambayo imeshasajiliwa. Usiiguse, usiifute, uiombee.

---

Tai wa Sebuleni (mleta mada)

Umenigusa kwenye seva, mzee. Kuna kitu sikusimulia pale juu kwa sababu bado kinaniuma.

Siku ya sita ya kukodi niko futi 35,000, nimebakiza kama maili 30 nianze kushuka. Kompyuta ya safari nimeijaza vizuri, hali ya hewa nimeichukua, njia ya kutua nimeiteua, nimejipanga kama mtu anayelipwa mshahara. Intaneti ikakatika. Dakika mbili tatu, kisha ikarudi. Mimi wala sikujali, ndege ya kwenye kompyuta yangu intaneti ya nini?

Kumbe ndege ya kukodi kila baada ya muda inachungulia kama leseni bado hai. Ilipochungulia ikakuta ukimya. Skrini zote sita mbele yangu zikawa nyeusi. Sio kwa mpangilio, zote kwa pamoja, kama nyumba iliyokatiwa umeme. Otopailoti ikaachia. Injini zinanguruma, nje jua zuri, ndani giza, na kwenye kona ya dirisha kikaandiko kidogo: thibitisha leseni yako. Intaneti iliporudi, skrini hazikurudi. Ilibidi nizime nianze upya. Saa nne na nusu za safari zimekwenda.

Niliwaandikia wenye duka wakanijibu kwa upole na kuniahidi siku moja ya ziada nikikodi tena. Sikuwa na ugomvi nao. Ila tangu siku ile nikiona neno "kodi" naona zile skrini.

---

Mama Parachuti

Pole kaka. Hilo ndilo swali la kwanza kumuuliza anayekodisha: leseni inakaguliwa lini? Wakati wa kuwasha tu, au hewani pia? Mwenye kukagua hewani simtaki hata anipe bure.

Halafu nashangaa mnabishana kukodi na kununua kana kwamba hakuna mlango wa tatu. Kujaribu! Wenye simuleta ya DCS World wanakupa moduli, ndivyo wanavyoita ndege ya nyongeza, siku 14 ujaribu bila malipo, ndege kamili, sio kipande. Hizo ni ndege za kivita, najua wengine humu hamzitaki, ila mfumo wenyewe ndio ninaousifu. Siku 14 zinatosha kujua kama mtapatana.

Steam, lile duka la michezo la mtandaoni, nao wana kurudisha pesa, ila hapo muwe macho. Ni ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Kwa nyongeza, saa 2 hizo wanazihesabu kwenye simuleta yenyewe tangu siku uliyonunua hiyo nyongeza. Maana yake ukinunua ndege halafu ukarusha nyingine saa 2 huku mwongozo wa ile mpya unausoma pembeni, umeshajifungia mlango. Na kwa ndege kubwa saa 2 ni nini? Mfano 737: ukiianzisha kutoka kwenye hali ya kuzimwa kabisa, mitambo yake ya kujua ilipo duniani inahitaji kutulia na kujipanga kabla hujaisogeza. Karibu na ikweta kama dakika 5, latitudo za katikati 10, ukienda juu kabisa kaskazini inafika 17. Unalipia muda wa kutazama taa ya ALIGN.

(Ndio najua kwenye mipangilio unaweza kuifanya ijipange haraka. Mimi siifanyi. Kila mtu na dhambi zake.)

---

Chipukizi wa Anga

Samahanini wakubwa, mimi mgeni. Kompyuta ndiyo kwanza nimeipata, sijakodi wala kununua chochote. Nianzie wapi?

---

Mama Parachuti

Karibu mwanangu. Usianzie dukani. Kama uko MSFS chukua A32NX ya FlyByWire, ni Airbus A320neo ya bure, imejengwa na watu wa kujitolea na msimbo wake uko wazi. Kama uko kwenye simuleta ya X-Plane tafuta 737-800 ya Zibo, nayo bure. Hizo mbili zinazidi ndege nyingi za kulipia. Ukifikisha saa 50 humo bila kuchoka, rudi hapa tukushauri.

---

BawaMoja

Na kama ni simu au tableti ndiyo unayo, simuleta ya huko, Infinite Flight, yenyewe ni ya ada: ukilipia Pro unafunguliwa ndege zote, muda ukiisha unarudi kwenye chache. Wenzetu wa simu walishaamua huu mjadala zamani, sisi wa kompyuta ndio tunajiona mabepari wenye mali.

---

Kalamu na Rula

Nimekuwa nasoma kimya. Niwape upande wa pili wa kaunta, maana nimewahi kukaa kwenye timu ndogo iliyotengeneza ndege moja ya nyongeza. Kazi yangu ilikuwa kuchora paneli ya juu, ile yenye swichi nyingi kichwani pa rubani.

Paneli ile moja ilinichukua miezi. Kila kibonye kina hali zake: kimewashwa, kimezimwa, kina hitilafu, kinajaribiwa taa. Kisha anakuja mwenzangu anayeandika mfumo wa umeme, anasema ukizima jenereta ya kushoto taa hizi saba zinapaswa kubadilika, na hii ya nane ipepese kwanza. Narudi kuchora.

Tulipouza, pesa kubwa ilikuja wiki za mwanzo, kisha ikashuka kama ndege iliyoishiwa mafuta. Lakini maswali hayakushuka. Simuleta inasasishwa, kitu kinavunjika, mteja aliyelipa miaka miwili iliyopita anadai matengenezo, na ana haki. Unamtengenezea kwa pesa ya nani? Ya ndege inayofuata. Ndiyo maana mnaona timu zinakimbilia ndege mpya kabla ya zamani haijapona.

Kwa hiyo nikisikia kukodisha, upande mmoja naufurahia: pesa inayokuja kila mwezi inalipa matengenezo ya kila mwezi. Upande mwingine unanitia wasiwasi. Mpangaji wa siku saba hatafika kwenye mfumo wa umeme. Ataona rangi, atasikia injini, atapiga picha machweo, ataondoka. Ukimtengenezea huyo utaweka nguvu kwenye rangi. Ile taa ya nane inayopepesa kwanza itamfaa nani?

---

RubaniKivuli

Mimi! Taa ya nane ni yangu mimi!

---

BawaMoja

Kalamu na Rula umenishusha kidogo, sikatai. Ila wapo wapangaji wa mwezi mzima tunaosoma mwongozo. Tusiwekwe kapu moja na wapiga machweo.

---

Mshale wa Dira

Naongeza dogo tu. Hata huyo aliyenunua ana kitu anakodi. Ramani na data za urambazaji. Dunia nzima data hizo hubadilika kila siku 28, ndio mzunguko wa AIRAC, mara 13 kwa mwaka. Ndege yako ya kununua inakuja na mzunguko wa siku ilipotengenezwa. Ukitaka wa sasa, labda kwa sababu unaruka VATSIM au IVAO, mitandao ambako watu halisi hujitolea kuongoza ndege za simuleta, na mwongoza ndege anakutajia pointi ambayo kompyuta yako haiijui, unajiunga kwa ada na Navigraph, wanaouza data hizo. Nilishawahi kuambiwa nielekee pointi mpya, nikaiandika mara tatu, ndege ikanijibu haipo kwenye hazina. Nikamwomba mwongozaji anipe nyuzi za kuelekea tu, kama rubani wa enzi za babu.

Wengine pia simuleta yenyewe mnaipata kupitia Game Pass, ile ada ya Microsoft ya kucheza michezo bila kuinunua. Ada ikiisha, ndege ulizonunua bado zimeandikwa jina lako, ila hanga limefungwa. Umenunua gari, barabara umekodi.

---

Injini Tatu

Hili la Game Pass ni zito kuliko yote yaliyosemwa humu. Mtu ananunua ndege ghali kuliko simuleta, na simuleta hana. Ukitaka kununua ndege, nunua kwanza simuleta. Kama simuleta unakodi, kodi na ndege, mfe pamoja.

---

Chipukizi wa Anga

Nimepakua ya FlyByWire. Nawasha injini namba 2. Imegoma. Nisaidieni 😭

---

Mama Parachuti

APU, ile injini ndogo ya mkiani, umeiwasha? Na hewa yake inayozungusha injini kubwa, swichi ya APU BLEED?

---

Chipukizi wa Anga

APU ndiyo. Hiyo ya hewa... subiri.

Imewaka!! Asante mama.

---

Tai wa Sebuleni (mleta mada)

Hongera chipukizi, ndivyo tulivyoanza wote. Mimi pampu za mafuta, wewe hewa.

Wakuu nimesoma yote, mara mbili. Nimerudi kwenye daftari nikatafuta kitu ambacho sikukitafuta mara ya kwanza: zile ndege tatu ninazorusha, zilifanyaje siku saba za kwanza? Mbili kati ya hizo wiki ya kwanza niliziona ngumu, nikazirusha chini ya saa tatu. Kwa maana hiyo ningezikodi kwa wiki, ningezirudisha, na leo nisingekuwa nazo. Na zile kumi na moja zinazolala? Karibu zote wiki ya kwanza nilizirusha sana. Saa nane, saa kumi. Kisha kimya. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi ya jana. Wiki moja ya kukodi ingeniambia ninunue zile zisizofaa na niache zinazofaa.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na BawaMoja wala kabisa na RubaniKivuli. Kukodi kwa siku saba, kwangu mimi, hakupimi kitu zaidi ya tamaa. Nikikodi tena nitakodi mwezi, na nitatazama wiki ya nne: je, bado naifungua bila kujilazimisha? Kama ndiyo, nanunua. Na sinunui ya kumi na tano mpaka hiyo ya pangaboi mbili ifikishe saa ishirini au nikubali kwamba nilitapeliwa na picha zake.

Ile mibaba ya siku saba nimeikodi tena, mwezi mzima, ila nimehakikisha kwanza kwamba toleo lao jipya linakagua leseni wakati wa kuwasha tu. Mama Parachuti, swali lako hilo nililiuliza neno kwa neno.

Betri imewashwa, mitambo imeanza kujipanga, na nimeiacha ya muda kamili kama wewe. Uwanja nilioegesha uko kaskazini kule juu, kwa hiyo nina dakika kama 15 za kujibu atakayetaka kubisha.

---

BawaMoja

Nataka kubisha.